Léopold Joubert
Léopold Louis Joubert (Saint-Herblon, Ufaransa, 22 Februari 1842 – Misembe, Kongo ya Kibelgiji, 27 Mei 1927) alikuwa mwanajeshi Mfaransa aliyewalinda wamisionari Wakatoliki kwenye Ziwa Tanganyika na kutawala vijiji vyao kwa miaka kadhaa.

Maisha ya awali
Mwaka 1860 alijiunga na Wazuavi, kikosi cha watu wa kujitolea kilicholinda Dola la Papa. Alipata cheo cha kapteni. Kikosi hicho kilivunjwa baada ya Roma kutekwa na jeshi la Italia mwaka 1870.

Karema na Mpala
Alifika Afrika ya Mashariki mara ya kwanza mwaka 1880, akilinda msafara wa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie. Mwaka 1885 wamisionari hao walikabidhiwa ngome mbili za Wabelgiji: Karema, katika pwani ya mashariki ya ziwa, kaskazini kwa nyanda za juu za Ufipa, na Mpala, ng'ambo ya magharibi. Joubert alirudi mwaka 1886, akapita Karema na kuhamia Mpala mwaka 1887.

Huko aliwafundisha vijana kutumia bunduki, akaamua mashauri na kupigana na wateka watumwa, hasa watu wa Rumaliza wa Ujiji. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa huko. Mwaka 1891 kapteni Mbelgiji Jules Jacques alifika kumsaidia, akaanzisha kituo cha Albertville (leo Kalemie).

Tathmini
Kwa waliokimbia utumwa, ngome zilikuwa kimbilio. Hata hivyo, wakazi wake walitawaliwa na wageni wenye silaha, na wengi walikuwa watoto waliokombolewa kwa kununuliwa, wakalelewa chini ya amri ya misheni. Lavigerie mwenyewe alitamani kuwe na ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Utawala wa kikoloni wa Ubelgiji na Ujerumani ulizima ndoto hiyo.

Urithi
Karema, iliyobaki upande wa Ujerumani, ikawa chimbuko la Ukatoliki katika Ufipa. Adrien Atiman, mtumwa wa zamani kutoka Afrika ya Magharibi, alitibu wagonjwa huko tangu mwaka 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina mwaka 1969 kuwa Jimbo Katoliki la Sumbawanga. Kijiji cha Karema chenyewe sasa kiko katika Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012.