Akiba ya Maneno na Waya wa Baharini

Yapo maoni yaliyoenea kwamba kilichotiwa katika kompyuta kimekwisha kuhifadhika. Historia ya pwani ya Kenya yaonyesha vingine. Kabla ya 2009 intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti; mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kwa njia ya bahari. Mnamo Februari 2012, waya wa EASSy ulikatika katika Bahari ya Shamu. Siku chache baadaye meli ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ya Mombasa, ikaukata wa TEAMS. Nanga hiyo haikufuta neno hata moja, bali ilibana njia ya kuyafikia.

Jambo hili lawahusu watafiti wa Kidigo huko Kwale, toka Diani hadi Msambweni. Kamusi ya lugha hiyo, Mgombato, ilitolewa mwaka 2004. Nakala zake za karatasi husomeka hata waya ukikatika. Lakini sauti za wazee zilizorekodiwa na kuwekwa katika chombo kimoja hupotea chombo kikiharibika. Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, kilicho na nakala moja tu hakijawa akiba.