Vinyago vya Changamwe
Vinyago vya Changamwe ni sanaa ya mbao ya wachongaji wa ushirika wa Akamba Handicraft, ulioanzishwa mwaka 1963 Changamwe, Mombasa bara. Asili ya sanaa hii ni Wamunyu, Ukambani, kwa mchongaji Mutisya Munge, anayesemekana kujifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kipande cha gogo huchongwa kwa tezo, hupigwa msasa, kisha hung'arishwa, mara nyingi kwa rangi ya viatu. Hapo twiga wa mbao yu tayari kwa mtalii.

Mpingo na muhuhu ilipoadimika, mafundi waligeukia mwarobaini na mwembe. Wapo wanaoibeza kazi hii kuwa ni bidhaa tu, si sanaa. Wamekosea: mkono wa kila fundi hujitambulisha kwenye shingo ya twiga wake.