Spika aliyeshikwa kitini, na swali la kijana wa Kidato cha Tano

Najua nimepotea. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, huko umeme unakuja ukijisikia, na mtandao ndiyo usiseme. Nimerudi kampasi, chumba ni kile kile, foleni ya maji ni ile ile, na bumu bado halijaingia. Nitawasimulia ya huko taratibu. Leo nina deni moja nataka nilitoe moyoni.

Nilipewa Kidato cha Tano, Historia, mada ya mapinduzi ya Uingereza ya karne ya 17. Mada hii wote tuliosoma mchepuo wa sanaa tunaijua: unakariri sababu zake, unazimwaga kwenye mtihani, unasahau. Mimi nikajifanya mwalimu wa kisasa, nikasema sianzi na sababu, naanza na kisa. Nikawasimulia siku wabunge walipomkandamiza Spika wao kwenye kiti asiinuke. Darasa likachangamka mpaka nikajiona nimefika. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, mpole hata sikuwa nalijua jina lake, akanyoosha mkono: "Mwalimu, si umesema mfalme ndiye anayeita Bunge na ndiye anayelivunja? Sasa hao walimshika Spika kwa sheria gani?"

Nikajibu, "Swali zuri sana, tutalijadili kipindi kijacho." Mnaijua hiyo janja. Kipindi kijacho hakikuwepo, mitihani ya muhula ikaanza na wiki zangu zikaisha. Nimeondoka na swali la mtoto wa watu mfukoni.

Basi wiki hii nimepiga msuli maktaba, na nikahamia kwenye vimbweta taa zilipozimwa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Charles I alirithi kiti cha Uingereza mwaka 1625, na kiburi alikirithi pia. Baba yake James alikuwa anapenda kuhutubia kwamba mfalme amewekwa na Mungu, lakini mzee alikuwa mjanja, alijua lini arudi nyuma. Mtoto hakujua. Aliingia vitani na Hispania, kisha na Ufaransa, na vita ni pesa. Pesa ziko kwa Bunge. Na Bunge, hasa lile la Makabwela, lilikuwa halimwamini kipenzi wa mfalme, George Villiers, Dyuki wa Buckingham, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha hivyo vita na kushindwa. Cadiz 1625, aibu. Kisiwa cha Ré 1627, aibu zaidi.

Tangu karne ya 15 ilikuwa desturi kwamba mfalme mpya akiapishwa, Bunge linampa ushuru wa forodha wa maisha yake yote. Charles, Makabwela walitaka kumpa wa mwaka mmoja tu! Hata huo haukupita kwa Malodi. Akaukusanya hivyo hivyo. Mwaka 1626 Bunge likataka kumshtaki Buckingham, mfalme akalivunja kumwokoa rafiki yake. Akabaki bila pesa, akabuni mkopo wa lazima. Mkopo wa jina tu, maana nani atamdai mfalme? Waliokataa, zaidi ya 70 kati ya watu wenye heshima zao, wakawekwa ndani. Watano wakaenda mahakamani mwaka 1627 kuuliza, tumefungwa kwa kosa gani? Jibu likawa: kwa amri maalumu ya mfalme. Kosa halikutajwa.

Ndiyo maana Bunge la 1628 lilipokutana, lilikuja na hasira ya watu waliotoka jela. Mwanasheria mzee Edward Coke, miaka imeshapita 70, alikuwa mmoja wa walioongoza kuandika Ombi la Haki. Madai manne tu: usitoze kodi bila idhini ya Bunge, usimfunge mtu bila kutaja kosa, usiwalaze askari kwenye nyumba za watu, usiwahukumu raia kwa sheria za kijeshi wakati wa amani. Angalieni neno lenyewe, ombi. Hawakusema wanatunga sheria mpya. Walisema wanamkumbusha mfalme sheria iliyokuwepo tangu enzi. Charles kwanza akajibu kwa mafumbo, wakagoma, na tarehe 7 Juni 1628 akakubali kwa maneno yanayotakiwa. Wananchi wakapiga kengele na kuwasha mioto ya shangwe.

Halafu akaendelea kukusanya ushuru wa forodha. Akadai ombi halikuutaja. Mbunge mmoja mfanyabiashara, John Rolle, bidhaa zake zikakamatwa kwa kutolipa. Buckingham mwenyewe alikuwa ameshauawa kwa kisu Portsmouth Agosti 1628, kwa hiyo mfalme hakuwa tena na mtu wa kusingiziwa. Sasa ilikuwa yeye na wao.

Tunafika kwenye siku yangu: tarehe 2 Machi 1629.

Spika alikuwa Sir John Finch. Spika wa siku hizo msimfikirie kama wa leo. Alichaguliwa na wabunge, lakini aliyependekezwa na mfalme ndiye aliyepita, na kazi yake ilikuwa kuwa mdomo wa Makabwela mbele ya mfalme. Mabwana wawili, mtu mmoja. Asubuhi hiyo Finch akatangaza amri ya mfalme, kikao kiahirishwe mpaka tarehe 10. Akataka kuinuka. Sasa utaratibu ulikuwa kwamba Spika akitoka kitini, shughuli zimekwisha, hakuna kinachopitishwa. Denzil Holles na Benjamin Valentine, waliokuwa wamekaa karibu naye kushoto na kulia makusudi kabisa, wakamdaka na kumrudisha. Finch akajitahidi kuchomoka, wakamrudisha tena. Holles akaapa kwamba atakaa mpaka wao wapende kuinuka. Spika akalia machozi, akisema yeye ni mtumishi wao lakini ni mtumishi wa mfalme pia. Namwonea huruma kidogo. Kidogo tu, ngojeni mtaona.

Sir Miles Hobart akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Mjumbe wa mfalme akawa anagonga nje. Sir John Eliot, aliyekuwa kinara, alikuwa na maazimio matatu kwenye karatasi, lakini katika vurugu ile alikuwa ameshaitupa motoni. Holles akayasema kwa kichwa: anayeleta mageuzi katika dini ni adui wa ufalme, anayeshauri ushuru ukusanywe bila idhini ya Bunge ni adui, na mfanyabiashara anayeulipa kwa hiari yake ni msaliti. Wakaitikia "ndiyo" kwa sauti kubwa, mlango ukafunguliwa, wakatoka.

Sasa tulijibu swali la kijana. Kuvunja Bunge kulikuwa haki ya mfalme, hilo hata Eliot hakubisha. Lakini amri ya siku ile haikuwa ya kuvunja. Ilikuwa ya kuahirisha kikao. Na Makabwela walishikilia kwamba kuahirisha kikao chao ni kazi yao wenyewe. Mfalme anaweza kuomba, hawezi kuamuru, wala Spika hawezi kusimama kabla nyumba haijakubali. Kwa hiyo kwa mawazo yao aliyekiuka utaratibu ni Finch. Hii tofauti ya kuvunja na kuahirisha madesa yetu hayaigusi kabisa, na mimi nilifundisha bila kuijua. Nilichemsha.

Mfalme yeye hakuwa na muda wa tofauti hizo. Wabunge tisa walikamatwa, Bunge likavunjwa tarehe 10 Machi, na halikuitwa tena kwa miaka 11. Eliot, Holles na Valentine walishtakiwa. Wakasema jambo moja: yaliyotendeka bungeni hayahukumiwi nje ya Bunge. Mahakama ikakataa, Eliot akapigwa faini ya pauni 2,000. Angeomba radhi angetoka. Hakuomba. Alifia Mnara wa London Novemba 1632, na familia ilipoomba mwili ukazikwe kwao Cornwall, Charles akakataa, akasema azikwe parokia aliyofia. Hapo niliweka kalamu chini kwa muda. Mtu keshakufa, bwana.

Miaka 11 hiyo naipita haraka, maana iko kwenye kila desa. Mfalme aliishi kwa faini na ada za zamani alizozifufua, na kodi ya meli, ambayo zamani ilitozwa mikoa ya pwani wakati wa hatari. Mwaka 1635 akaipeleka nchi nzima. John Hampden akakataa kulipa shilingi 20 kwa shamba lake moja. Kesi ikasikilizwa na majaji 12, saba wakampa mfalme ushindi, watano wakamwunga mkono Hampden. Na mmoja wa wale saba, tena aliyesema kwa kinywa kipana kwamba hakuna sheria ya Bunge inayoweza kumwondolea mfalme uwezo wa kuilinda nchi, ni nani? John Finch! Yule wa machozi. Alikuwa ameshapewa ujaji mkuu wa mahakama mojawapo. Mabwana wawili, hatimaye alichagua mmoja.

Kilichomwangusha Charles kilitoka Scotland. Mwaka 1637 alilazimisha kitabu kipya cha sala, Waskoti wakachachamaa, wakaja na jeshi. Aprili 1640 ikabidi aite Bunge. Likadai malalamiko kwanza, pesa baadaye, akalivunja baada ya wiki tatu. Waskoti wakachukua Newcastle na kudai pauni 850 kwa siku mpaka mapatano. Novemba 1640 akaita tena, na safari hii hakuwa na ubavu wa kuwafukuza.

Hapo nikaelewa kitu. Watu waliokuja 1640 walikuwa hawajasahau kile kiti. William Strode, mmoja wa wale tisa, na Valentine walikuwa ndani tangu 1629, wakatoka mwanzoni mwa 1640 tu. Sheria walizopitisha 1641 ukizisoma pamoja zinajibu siku ile moja: Bunge likutane angalau kila baada ya miaka mitatu, hata mfalme asipoliita. Bunge hili lisivunjwe bila ridhaa yake lenyewe. Ushuru na kodi ya meli bila Bunge, marufuku. Walichokishika kwa mikono 1629 wakakishika kwa karatasi. Finch alikimbilia Uholanzi Desemba 1640 kabla hawajamfikia. Thomas Wentworth, aliyekuwa pamoja nao 1628 kisha akahamia kwa mfalme, hakuwahi kukimbia. Alikatwa kichwa tarehe 12 Mei 1641.

Lakini wasiwadanganye kwamba Bunge lilikuwa kitu kimoja. Yalipozuka maasi ya Ireland Oktoba 1641 swali likawa jeshi la kuyazima likabidhiwe kwa nani. John Pym na wenzake wakaandika orodha ndefu ya makosa ya utawala, vifungu 204, na ilipita usiku wa manane kwa kura 159 dhidi ya 148. Kura 11! Karibu nusu ya waliopiga kura waliona sasa anayevunja desturi ni Pym. Bila hao 148 Charles asingepata watu wa kupigana upande wake.

Januari 4, 1642 mfalme akaenda bungeni mwenyewe na askari kama 400, kuwakamata watano: Pym, Hampden, Haselrig, Strode na, mmeshabashiri, Holles. Walishatoroka kwa mashua mtoni Thames. Charles akaomba kiti cha Spika, akatazama nyuso, akauliza wako wapi. Spika sasa alikuwa William Lenthall. Akapiga magoti na kusema hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama nyumba hii itakavyomwelekeza. (Msimfanye malaika. Mwaka 1660 huyo huyo alitoa ushahidi mahakamani juu ya maneno ya mwenzake aliyoyasema bungeni.) Wiki haijaisha mfalme akaondoka London. Agosti 22 alisimika bendera ya vita Nottingham.

Nilidhani swali limeisha, kumbe lina mkia. Baada ya vita, baada ya mfalme kukatwa kichwa na mwanawe kurudishwa, Holles alikuwa hai bado, tena yeye mwenyewe Lodi. Mwaka 1668 alilipeleka shauri lile la zamani mbele ya Malodi, na hukumu dhidi yake na Eliot na Valentine ikafutwa: maneno yaliyosemwa bungeni hayahukumiwi mahakamani. Eliot alikuwa kaburini miaka 36. Ila kuhusu kumshika Spika, kama lile nalo lilikuwa la Bunge peke yake au mahakama ingeweza kulisikiliza, Malodi hawakusema. Waliliacha hivyo hivyo.

Nimeyaandika yote haya kwenye karatasi nne, kwa mkono. Rafiki yangu mmoja anapanda basi la huko Ijumaa, atampa mwalimu wa darasa. Jina la kijana bado silijui, nimeandika juu ya bahasha: aliyekaa nyuma, dirishani.