Karafuu, Makonyo na Majani: Usafi wa Mafuta Una Historia

Anayenunua mafuta ya karafuu ya kuchulia mwili au kunusa huuliza kwanza kama ni safi. Historia ya zao hili Unguja na Pemba inaonyesha kuwa swali hilo halitoshi. Lazima aulize pia yametoka sehemu gani ya mti. Mkarafuu, Syzygium aromaticum, asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulienea Zanzibar katika karne ya 19 chini ya Sultani Sayyid Said. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao. Vichana vikishateremshwa mtini, wachambuaji hutenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika karafuu, na kila aina huanikwa peke yake. Makonyo yaliuzwa Ulaya kwa bei ndogo, yakakenekwa mafuta, au yakasagwa na kuchanganywa kwa siri na unga wa karafuu.

Karafuu kavu hutoa mafuta yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, ilhali makonyo na majani hutoa kidogo sana. Ndiyo maana mafuta ya karafuu zenyewe huwa ghali, na kishawishi cha kuyachanganya na ya majani, yanayokenekwa kwa wingi Indonesia na Madagascar, ni kikubwa. Tone la mafuta ya karafuu likitiwa majini huzama. Yakichakachuliwa kwa tapentaini nyingi huelea. Lakini mafuta ya majani nayo huzama, kwa hiyo kipimo hicho hakimfichui mchanganyaji.

Wapo watakaosema kuwa mafuta yote haya hutawaliwa na kemikali moja, yujenoli, basi tofauti iko wapi? Kwa kiwanda kinachotaka yujenoli ya kutengenezea vanilini, hoja hiyo ina uzito. Kwa anayetaka harufu, haina: mafuta ya karafuu zenyewe yana asetati ya yujenoli nyingi zaidi, na harufu yake ni laini. Tena mafuta ya majani ya mdalasini wa Sri Lanka nayo yamejaa yujenoli, hivyo kiasi chake pekee hakithibitishi mti. Wengine watahofu kuwa kudai sehemu ya mti itajwe kutashusha thamani ya makonyo ya mkulima. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, kinaonyesha kuwa makonyo yanaweza kuuzwa kwa jina lake lenyewe. Wala usafi si usalama, kwani yujenoli isiyozimuliwa huunguza ngozi. Lebo ya haki, basi, itaje mti, sehemu yake na mahali ulipokua.