Maskati hadi Salalah, na kwa nini sikuwahi maziko ya Mjomba

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Wengi mmeniuliza iweje niko Oman na sikuwahi kumzika Mjomba. Jamani, ngoja niwaeleze hii njia, pamoja na historia yake kidogo.

Kutoka Maskati ninakofanya kazi hadi Salalah ni kama kilomita 1,000 kwa barabara. Chukueni Dar hadi Mwanza, mpunguze kidogo. Unapita Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na ukishatoka Adam ni jangwa tu. Gari dogo ni saa 10 au 11, basi ni kama saa 12. Ndege inakata moja kwa moja, kama kilomita 850, kwa saa moja na dakika 45 hivi.

Zamani hata barabara hiyo haikuwepo. Desemba 1955 Sultani Said bin Taimur alivuka jangwa kwa msafara wa magari kutoka Salalah hadi Nizwa, na lilikuwa jambo kubwa kiasi kwamba mwandishi Mwingereza aliyekuwemo, James Morris, aliliandikia kitabu kizima. Mwaka 1958 Sultani akahamia Salalah moja kwa moja. Miaka 12 aliitawala Maskati kwa simu ya redio, bila kukanyaga tena huko! Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe Qaboos akamwondoa madarakani huko huko Salalah, na siku 7 baadaye akaenda Maskati kwa ndege. Nchi nzima wakati huo inasemekana ilikuwa na kama kilomita 10 tu za lami.

Mjomba alitoka Unguja na kuja huku miaka ya 70, lami ikiwa bado haijafika Salalah. Nikilalamika safari ndefu alikuwa akinicheka sana.

Sasa siku yenyewe. Simu ilinikuta saa 2 asubuhi natoka zamu ya usiku. Ilikuwa Julai, msimu wa manyunyu Salalah, watu wa Ghuba yote wanakimbilia huko kutafuta ubaridi. Ndege zote zimejaa. Hiyo saa moja na dakika 45 ni ya mwenye kiti, mimi sikuwa nacho. Nikapanda basi la saa 4 asubuhi. Mjomba alizikwa baada ya alasiri, nami ndiyo kwanza niko Haima, nusu ya njia. Basi lilisimama, nikashuka nikamwombea dua pale pembeni ya kituo cha mafuta. Nilifika saa 4 usiku.

Kazini huwa naomba dakika 5 tu za kumwahi mgonjwa. Siku hiyo nilikosa saa 6. Msinilaumu.

Mkewe Mjomba anawasalimu wote. Picha ya kaburi nimeshamtumia Mama, mwombeni awaonyeshe.