Kabla ya kuongeza betri, pangeni saa: historia ya kisiwa cha Eigg

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, umeme wa sola wa kijiji ukianza kuzimika usiku, wengi husema dawa ni kuongeza betri. Kabla hamjachanga fedha, someni historia ya Eigg, kisiwa kidogo cha Scotland.

Umeme wa taifa haukufika Eigg. Kaya nyingi zilitegemea jenereta za dizeli, zenye kelele na gharama kubwa. Mwaka 1997 wananchi walikinunua kisiwa kwa pamoja, na Februari 2008 wakawasha umeme wao wa maji, upepo na jua, wenye betri pamoja na jenereta za akiba.

Betri hazikuachwa zibebe mzigo wote. Waliwekeana ukomo: nyumba isivute zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara kilowati 10. Ukizidisha, umeme wako unakatika, wa jirani unabaki. Mvua na upepo vikizalisha umeme wa ziada, unapelekwa kupasha joto majengo ya umma. Uzalishaji ukishuka, watu huombwa kubana matumizi.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Nyumba 100, kila moja ikiwa na taa 4 za wati 5, zinatumia kilowati 2. Kwa saa 5 za jioni ni uniti 10. Mashine mbili za kusaga zenye mota za kilowati 7.5 zikifanya kazi kwa nguvu zote saa 2 tu, ni uniti 30. Kusaga huko kukifanyika usiku, kunamaliza akiba ya taa za kijiji kizima kwa siku tatu. Kukifanyika saa sita mchana, jua linabeba sehemu kubwa ya mzigo na betri inapumzika.

Betri inayokaushwa kila usiku hufa mapema, na kununua nyingine ni mzigo wa wote, hata wa yule mwenye taa moja.

Basi katika mkutano ujao wa kijiji, andikeni mashine zote zenye mota na saa zake. Kusaga, kuvuta maji ya bustani na kugandisha barafu viwe mchana. Jioni ibaki kwa taa, simu na zahanati. Mkishakubaliana, wekeni ukomo kwa kila mteja, mkubwa kwa mdogo. Baada ya hapo ndipo mtajua kama betri kweli hazitoshi.