Ufa na Ukuta: Nyumba za Kupanga za Mji Mkongwe wa Unguja

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaifundisha darasani kama fumbo la tabia: mwanafunzi huulizwa maana ya ufa, naye hujibu kuwa ni kosa dogo. Ni jibu sahihi. Lakini wenyeji wa Mji Mkongwe wa Unguja walikuwa na ufa wa kweli mbele ya macho yao, na gharama ya kuuziba waliijua. Twapenda katika makala haya tuitazame methali hiyo kwa upande wa chokaa na kodi.

Nyumba nyingi za mawe mjini humo zilijengwa katika karne ya 19, tangu enzi ya Seyyid Said hadi ile ya Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo, mchanga na chokaa, nazo huwa nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Ghorofa hubebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko. (Wanafunzi wetu wa bara huijua boriti ya jichoni tu, ile ya Injili; yafaa waambiwe kwamba ipo na ya darini.) Kwa kuwa gogo la mkoko halina urefu mkubwa, vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ilale.

Chokaa ni laini. Fundi asiyeijua huudharau ulaini huo, kumbe ndio siri yake. Mvua ikipenya ukutani, au unyevu ukipanda kutoka ardhini, ukuta wa chokaa huutoa nje kama mtu apumuaye. Sharti lake ni kwamba paa lisivuje, na ukuta upakwe tena kila unapochakaa. Kazi hiyo ni ndogo, lakini haina mwisho, nayo yataka fedha kidogo kila mwaka.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Nyumba nyingi za mji zilikuwa wakfu: mwenyewe aliitoa nyumba isiuzwe wala isirithiwe, bali kodi yake iwafae jamaa zake, maskini au msikiti. Mwaka 1905 serikali iliunda tume ya kuzisimamia. Sheria ya wakfu yaagiza kwamba kodi kwanza iitengeneze nyumba yenyewe, na kinachosalia ndicho kigawanywe. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hili bila kusimama, kwani katika Kiarabu cha sheria hiyo matengenezo ya jengo huitwa imara. Neno hilo sisi twalitumia kwa kitu kilicho madhubuti. Kwa mafakihi ni kazi inayokifanya kiwe hivyo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikatwaliwa na serikali. Nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa ya familia kadhaa, kila moja na chumba chake. Hatuwezi kulaumu hilo. Watu walihitaji mahali pa kulala. Kodi iliwekwa chini ili maskini aimudu, na hilo pia lilikuwa na wema wake. Lakini kodi hiyo haikuweza kuitunza nyumba, naye mpangaji alijiuliza kwa nini atengeneze kisicho chake. Sisi tuliokaa nyumba za kupanga twalijua swali hilo: tumewahi kuweka sufuria chini ya tundu la paa misimu miwili mizima, tukimngoja mwenye nyumba, naye akitungoja sisi.

Ndipo saruji ikaingia. Kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966, na saruji ikahesabiwa kuwa ndiyo ujenzi wa kisasa. Ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji, unyevu hukosa njia ya kutoka. Hubaki ndani ukiulainisha udongo na kuzioza ncha za boriti zilizozama ukutani. Kwa nje nyumba yapendeza. Siku moja ghorofa huanguka.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Baadhi ya nyumba ziliuzwa na serikali, na zikageuka hoteli zilizotengenezwa vizuri sana. Lakini mpangaji wa zamani hayumo tena, nasi hatuoni kwamba huko ndiko kuiokoa nyumba yake.

Kwa yule aliyebaki, njia iliyo nafuu ni ile ile ya kale, wala haimlazimu kuhama. Paa na mifereji ya maji hutangulia, kwa maana chokaa iliyopakwa chini ya paa livujalo ni fedha iliyotupwa. Kisha saruji hubanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke kwa miezi. Boriti zilizooza hubadilishwa mojamoja, chumba kwa chumba, huku wapangaji wakihamia chumba cha jirani kwa siku chache. Kupaka rangi, ambako wenye nyumba wengi hukutanguliza, huja mwisho.